Mlipuko wa Nane

Kwa jina la Mwenyezi, aliyeuumba ulimi bila mfupa, akauweka nyuma ya ngome mbili, ya meno na ya midomo, hali akijua kuwa hata hivyo utatoroka. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na wote waliomfuata kwa wema. Namwomba anisamehe niliyoyasema, na zaidi ya hayo niliyoyanyamazia, kisha anipe moyo wa kuyasimulia haya bila kuyapamba. Maana pambo ndilo lililoua mtu.

Kwanza niwapange watu kwa daraja zao.

Wa kwanza ni dada yangu. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea; aliniosha, akanipeleka chuoni, akakaa mlangoni hadi nimalize aya zangu za siku ile. Alipoolewa alikuja kuishi karibu na machimbo ya mawe, akafungua kibanda cha chai penye lango. Wa pili ni mumewe, shemeji yangu, fundi baruti wa machimbo hayo. Alikuwa mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na kazi yake ilikuwa kuwasha. Wakamwita Kiberiti, naye akaitika. Wa tatu na wa nne ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mdogo alikuwa mtoboaji: yeye ndiye aliyeyachimba matundu jabalini ili baruti itiwe. Huyo walimwita Chuma. Mkubwa alikuwa mpasuaji, mtu wa nyundo, mwenye mabega yaliyomlazimu kuingia mlangoni kiubavuubavu. Walimwita Tingatinga, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dharau.

Wa mwisho ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu milipuko.

Asiyeyajua machimbo ataona kazi hiyo ni ya mtu mvivu, kwa hiyo niieleze. Fundi baruti hutia baruti katika kila tundu, huwasha tambi zake moja baada ya nyingine, kisha hukimbia. Watu wote hujificha nyuma ya ukuta. Mhesabu hukaa na kokoto kiganjani, idadi yake sawa na idadi ya matundu. Kila mlipuko ukilia, hutupa kokoto moja koponi. Kokoto zikiisha, hupandisha bendera nyeupe, watu wakaingia kazini. Ikibaki hata moja, maana yake lipo tundu lililogoma, lenye baruti hai tumboni; hapo hupandisha nyekundu, na hakuna mguu unaokanyaga pale mpaka kesho yake. Neno la mhesabu halirudiwi wala haliulizwi.

Waliniita Shehe Hesabu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Mwalimu wangu msikitini alinifunza tungo za wazee, kisha akanifunza mantiki, elimu ya kujua hoja nzima na hoja mbovu. Alipenda kusema kwamba nyumba mbovu ikipakwa chokaa hupendeza kuliko nzima isiyopakwa, na kwamba mwenye kujua kupaka chokaa aogope zaidi siku ya hesabu. Nilimsikiliza kwa adabu, nikashika zaidi ile sehemu ya kupaka chokaa. Pale machimboni, mtu akigombana na mkewe alinijia nimtengenezee maneno. Mtu akitaka ruhusa kwa nyapara alinijia. Walicheka wakisema, "Shehe akikutetea, hata kaburi litakurudisha." Nami nikazipenda sifa hizo, Mola anisamehe.

Siku moja kabla ya msiba, wakati wa chai, Kiberiti alimlaumu Chuma mbele ya watu.

"Matundu yako mafupi kama fikra zako," alimwambia. "Tundu fupi hugoma. Nimekwambia mara ngapi?"

"Wewe washa tu," Chuma akamjibu. "Mimi natoboa jabali, wewe unatoboa masikio ya watu."

Watu wakacheka. Kiberiti naye, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko kifua chake, akaongeza neno juu ya mama wa Chuma ambalo sitaliandika. Chuma akamchapa kofi lililomwangusha juu ya benchi la dada yangu, vikombe vikavunjika. Kiberiti akainuka, akajifuta damu mdomoni, akasema, "Jiwe halina adabu, Chuma. Ipo siku litakujibu."

Alimwonya fundi mwenzake juu ya kazi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa siku ile, na hivyo ndivyo alivyoelewa kila aliyekuwapo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, yalikuwa matundu manane. Niliyaandika mwenyewe daftarini. Wiki ile tulikuwa tumefungua uso mpya wa jabali, uso uliojikunja kama kiganja kinachotaka kupokea, na sauti humo ilikuwa na tabia ya kuzunguka. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelisikia siku tatu mfululizo, nikasema moyoni kuwa nitamweleza nyapara.

Baruti zikaanza kulia. Moja. Mbili. Ardhi ikitikisika chini ya makalio yetu. Tatu na nne zikafuatana. Tano. Sita. Saba. Kisha, kwa upande wa kushoto, ikaja sauti ya nane, nyepesi, isiyoitikisa ardhi, kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Kokoto ya nane ikabaki kiganjani mwangu. Nikaifikicha.

"Shehe!" Tingatinga akapaza sauti. "Unazihesabu au unaziombea dua? Pandisha bendera, jua linatupika!"

"Labda imemkwama kooni," mwingine akasema, na ukuta mzima ukacheka.

Niliona haya. Kwa haya hiyo tu, nikaiangusha kokoto koponi na kupandisha bendera nyeupe.

Chuma aliingia wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, mtaimbo begani. Akauchomeka katika ufa, akauegemea kwa kifua ili abandue pande la jiwe. Mlipuko ule haukuwa na shaka yoyote. Ulitupiga sote usoni kwa vumbi na vipande vya mawe, na vumbi lilipotua, mtaimbo ulikuwa umepinda kama ndoana, umemwingia Chuma chini ya mbavu na kutokea mgongoni. Mkono wake wa kuume haukuwapo. Uso haukuwapo. Miguu yake ilikuwa bado inapigapiga chini, kisigino kwa kisigino, kama mtoto aliyekataa kuamka, kisha ikatulia.

Kiberiti ndiye aliyemfikia kwanza. Alipiga magoti, akajaribu kuizuia damu kwa viganja vyake viwili, mahali ambapo hapakuwa na cha kuzuia. Tingatinga alipofika alimkuta hivyo, mikono myekundu hadi viwikoni. Alitoa ukelele ambao sijausikia tena kwa mnyama wala mtu. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

"Shehe. Zililia ngapi?"

"Nane," nikasema.

"Una hakika?"

"Nane."

"Matundu yalikuwa mangapi?"

"Manane."

"Basi hii iliyomuua mdogo wangu imetoka wapi?"

Walikuwa wanaume arobaini wamenizunguka, nyundo mikononi, macho yameiva. Swali lile lilikuwa na majibu mawili tu: ama mhesabu amekosea, ama lipo tundu la tisa ambalo mtu amelitia baruti kwa siri. Jibu la kwanza lilikuwa mimi. Sikulifikiria hata muda wa kumeza mate. Akili yangu, iliyofunzwa kwa miaka kumi juu ya mkeka wa msikiti, ilikimbilia la pili kama panya anavyokimbilia tundu.

Wala sikusema kwamba Kiberiti ameua. Niliuliza maswali matatu tu.

"Ndugu zangu," nikasema, kwa sauti ya upole, "mimi sijui kitu. Lakini nani mwenye ufunguo wa stoo ya baruti?"

"Kiberiti!"

"Jana, nani alipigwa kofi mbele ya mkewe?"

"Kiberiti!"

"Na nani aliyesema jiwe litamjibu Chuma?"

Hapo hawakujibu kwa sauti. Niliwaona wakilitia tofali la mwisho wenyewe, kila mtu kichwani mwake, na tofali mtu alilolitia kwa mkono wake halibomoi tena.

Mwalimu wangu angaliitazama nyumba ile angalionyesha nyufa zake kwa fimbo. Ufunguo wa stoo hauthibitishi kwamba stoo ilifunguliwa. Neno likitangulia kifo halijawa sababu ya kifo, kama vile jogoo kuwika si sababu ya jua kuchomoza. Na msingi wenyewe, lile tundu la tisa, hakuna aliyeliona. Tulilichukua kuwa lipo kwa sababu tulilihitaji. Niliyajua hayo yote huku nikinena. Nilikuwa nimepaka chokaa.

"Na huyu ni shemeji yake!" mmoja akapaza sauti. "Mtu hamsingizii shemejiye! Akisema yeye, basi ni kweli!"

"Lisemwalo lipo!" mwingine akadakia.

Kiberiti akainua kichwa. "Shemeji," akaniita, bila hasira, kama mtu anayeomba apishwe njiani. "Matundu yalikuwa manane. Umeyaandika mwenyewe. Waambie."

Sikuwaambia.

Ngumi ya kwanza ya Tingatinga ilimvunja taya. Nilisikia, ilikuwa kama kuni kavu. Aliyefuata alimpiga teke la kifua. Kisha wakamwingia wote, na sikumwona tena ila miguu yake katikati ya miguu yao. Alipopata pumzi alikana, "Wallahi sikutia, sikutia," wakasema mkosa hukana siku zote. Damu ilipomjaa mdomoni akanyamaza, wakasema kunyamaza ni kukubali. Alipojikunja kujilinda kichwa, mmoja akasema, "Tazama, anaogopa! Asiye na kosa huogopa nini?" Hapakuwa na jambo aliloweza kulifanya ambalo halikuwa ushahidi. Nyapara alikuwa amejifungia ofisini, namwona dirishani, simu sikioni, mkono wa pili umeshika pazia.

Tingatinga akaomba nafasi. Wakamfungulia duara. Akashusha nyundo juu ya goti la Kiberiti. Kisha la pili.

Ndipo dada yangu alipofika, mbio kutoka kibandani, kanga imemwanguka njiani. Alijaribu kupenya, akasukumwa akaanguka. Akainuka, akajaribu tena. Kiwiko cha mtu kikampasua nyusi. Akanijia mimi, damu inamwingia jichoni, akanishika kola.

"Wamwachie! Wewe wanakusikiliza. Amefanya nini?"

"Wanasema alitia tundu la tisa."

"Wanasema? Nani kasema kwanza?"

Nikatazama chini.

Dada yangu alinisomesha. Alinijua tangu nilipokuwa naiba sukari na kumsingizia paka. Akanitazama kwa muda mfupi sana, akaniachia kola.

"Hilo la tisa umeliona?"

"Dada…"

"Umeyahesabu matundu, au umehesabu masikio yako?"

Hakungoja nijibu. Lazima niseme hapa kwamba tundu la baruti, likilipuka, huacha nusu yake ukutani mwa jabali, mfereji mwembamba wima, mweusi kwa moshi, kama alama ya kidole kilichovutwa kwenye tope. Kila mtu wa machimbo anaijua alama hiyo. Watu arobaini walikuwa wamesimama hatua ishirini kutoka ukuta wenye alama hizo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Kupiga kulikuwa rahisi kuliko kuhesabu.

Dada yangu akapanda juu ya mawe yaliyobomoka, miguu mitupu, akaufikia ukuta. Akaanzia kulia. Akapiga mfereji wa kwanza kwa kiganja kwa nguvu zake zote.

"Moja!"

Hakuna aliyegeuka. Nyundo ikapanda na kushuka.

"Mbili!"

Mtu mmoja wa nyuma akageuza kichwa.

"Tatu!" Akajikwaa, jiwe likamchana muundi, akainuka. "Nne!"

Sauti yake ilikuwa ya kupasuka, sauti ya mwanamke anayeita watu kwenye moto. Wa nyuma wakaacha kupiga, kisha waliokuwa mbele yao. "Tano! Sita!" Alipofika sita, wengi walikuwa wanahesabu naye midomoni, bila kutaka. "Saba!"

Wa nane ulikuwa pale alipofia Chuma. Alipoupiga, mkono wake ulirudi na damu. Akauinua juu ili wote wauone.

"Nane. Haya, njooni mnionyeshe la tisa."

Jabali lote la kushoto lilikuwa jeupe, safi, bila alama hata moja.

"La tisa limefukiwa," mtu akanong'ona.

"Ndiyo, limefukiwa na mawe," mwingine akasema, kwa furaha ya mtu aliyeokota kamba kisimani.

Nami niliziona nyundo zikianza kushikwa upya. Nikajua kwamba nikinyamaza, uongo wangu utaishi bila mimi; walikuwa wamekwisha kuulea, wangeulisha wenyewe.

"Halikufukiwa," nikasema. "Halikuwapo. Zililia saba. Ya nane ilikuwa mwangwi wa jabali, nami niliitilia shaka, nikapandisha nyeupe. Aliyekosea ni mimi."

"Muongo!" akasema yule yule aliyesema mtu hamsingizii shemejiye. "Anamtetea! Ni shemeji yake!"

Hiyo ilikuwa adhabu yangu ya kwanza. Udugu ule ule ulionifanya mkweli niliposema uongo, sasa ulinifanya muongo niliposema kweli.

"Au wamekula njama wote wawili!" wa tatu akasema, na duara likaanza kunifungia mimi.

Nikamgeukia Tingatinga, kwa kuwa yeye ndiye mwenye msiba. "Kaka," nikamwambia, "nipige, lakini nisikilize kwanza. Kama Kiberiti alimuua mdogo wako kwa kuwa jana alisema neno, basi leo nani alisema neno? Mimi nilisita. Nani alinipigia kelele nipandishe bendera?"

Uso wake ukabadilika rangi.

"Nani, kaka? Kama neno kabla ya kifo ndilo muuaji, wa kupigwa hapa ni wengi, na wewe umo. Lakini si hivyo. Wewe ulitania. Yeye alionya. Mimi nilijua, nikaona haya. Hoja niliyowapa ilikuwa mbovu tangu msingi, na niliijenga nikiujua ubovu wake."

Sijui kama ilikuwa hoja iliyomfika au jeraha. Alinishika mkono wa kulia, ule wa kokoto, akaulaza juu ya jiwe. Sikuuvuta. Nyundo ilishuka mara moja, vidole vitatu vikawa unga wa nyama na mfupa, nami nililia kama nisivyopata kulia. Kisha akaiacha nyundo ianguke, akaenda kukaa kando ya mwili wa mdogo wake, akavua shati kumfunika pale palipokuwa uso.

Kiberiti tulimbeba juu ya ubao, mimi kwa mkono mmoja. Dada alishika kichwa chake. Gari la wagonjwa lilikutana nasi langoni. Njiani alifumbua jicho moja, akajaribu kusema, taya lisimruhusu. Dada akamtamkia shahada sikioni polepole, naye akainua kidole. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Polisi walichukua watu sita. Tingatinga hakungoja kukamatwa. Alijipeleka, akasema alilofanya bila kujitetea hata kwa neno moja. Mahakamani nilisema yote, pamoja na maswali yangu matatu. Hakimu aliyaandika, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama nilimgusa marehemu. Nikasema sikumgusa. Akafungua ukurasa mwingine. Watu wale sita, pamoja na Tingatinga, walifungwa miaka mingi, nami nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Kampuni ilibandika tangazo kwamba mhesabu awe na msaidizi.

Dada yangu hakunifungia mlango. Huniwekea kiti, hunimiminia chai, hunishikia kikombe kwa kuwa mkono wangu wa kulia haushiki tena. Watoto wake huniita mjomba. Lakini tangu siku ile hajaniuliza neno lolote, hata saa ngapi. Akitaka kujua jambo, huinuka akaenda kutazama mwenyewe.

Ewe Mola, mpokee Chuma na umpokee Kiberiti, uwapatanishe huko kwa waliyogombania huku. Mpe dada yangu usingizi, na watoto wake riziki isiyotoka jabalini. Mtulize mama aliyepoteza mwana mmoja kwa jiwe na wa pili kwa minyororo, na umfungulie Tingatinga siku iliyo karibu. Wahifadhi wanaoingia machimboni asubuhi hii, warudi wazima kwa watu wao. Na kila atakayezungukwa na umati unaomtaka alipe kwa asilolitenda, mpelekee mtu mmoja wa kwenda kuhesabu. Amin.